Kiti cha Mfano

Walikileta Jumatatu kwa pikapu,
kimefunikwa nailoni kama mwali siku ya kutolewa,
wakakitua mlangoni pa duka langu, Bondeni,
baina ya muuza viazi karai na fundi wa saa.
Watoto wakauliza: Cha kinyozi?
Cha treni, nikasema. Treni itakayokuja.
Wakacheka. "Itakayokuja" ni neno tulilokua nalo.

Mhandisi Mwadime, kalamu sikioni, futi kamba mkononi,
akanisomea: mto, sentimita saba;
mgongo umelala nyuzi kumi na mbili;
kichwani masikio mawili ya kuegemea;
tundu la chaji chini ya kiwiko;
taa ya kusomea isiyomwamsha jirani.
Mchoro umetoka Uholanzi, akasema,
kilichobaki ni kitambaa. Chagua.

Nikamuuliza: Atakikalia nani?
Akapekua karatasi. Akasema: Abiria.

Abiria!
Abiria hana goti, bwana. Hana nyonga.
Abiria hajabeba kikapu cha mahamri cha moto
asichothubutu kukiweka chini.

Nikamwita Bi Khuleita wa ghorofani,
ambaye magoti yake hutangaza mvua kabla ya redio.
Akakaa, nyayo zikaning'inia
kama za mtoto wa chuoni siku ya kwanza.
Kinanipokea vizuri, akasema,
kuniachia ndiko hakitaki.
Mkono wa kiti mfupi, hana pa kushika ainuke.
Nikaandika: kishuke vidole viwili. Mkono urefuke vinne.

Akaja Famau, mcheza kikapu, mrefu kama nguzo ya stima.
Kiti cha mbele hatukuwa nacho, tukapanga kreti za soda.
Magoti yakazigonga, chupa zikalia,
Mwadime akaandika bila kuambiwa.

Akaja Mwanasiti, mimba ya miezi minane,
akaegemea, akasema "nijaribu tu",
akalala.
Wallahi alilala, saa nane mchana,
pikipiki zikipiga honi, mafuta ya viazi yakichemka,
na mimi na mhandisi tumesimama kama walinzi wa benki,
tukisemezana kwa mikono.

Baba alishona viti vya reli ile kongwe.
Daraja la kwanza, singa za farasi. La pili, sufi.
La tatu?
Ubao, mwanangu.
Ubao mtupu?
Akanitazama kama niliyemtusi.
Niliupiga msasa, akasema. Mara mbili.
Na hakuna aliyeniagiza.

Basi kitambaa. Mwadime ataka kijivu,
kijivu huficha uchafu.
Nikamwambia kijivu huwafundisha watu kuchafua.
Tukabishana hadi adhana ya alasiri,
akaenda kuswali wa kuswali, yeye akala viazi,
aliporudi nilikuwa nimekwisha kata ile rangi ya ukwaju uliomenywa.
Akaupapasa mshono kwa kidole gumba.
Hakusema kitu. Akaniomba kadi ya duka.
Sina kadi. Nikamwandikia namba kwa chaki
kwenye kipande cha kijivu.

Usiku, nilipovuta mlango wa bati,
nikakikalia mwenyewe.
Miaka ishirini na sita nashonea watu mahali pa kukaa
nami nimekaa juu ya ndoo ya rangi.
Nikabonyeza taa; haikuwaka, nyaya zake hazikwenda popote.
Nikaegemea sikio la kushoto, kisha la kulia.
Dirisha halikuwako. Ukutani, kalenda ya mwaka juzi,
na mahali fulani kati ya hiyo na usingizi
nikahisi kama tunaondoka.

Alfajiri nikakilaza ubavu,
nikapiga msasa ukingo wa chini,
kule ambako hakuna mkono utakaofika.
Mara mbili.

Saa tatu wakaja, wakakichukua.
Leo nimerudi kwenye ndoo.
Lakini nimeishonea mto,
sentimita saba,
rangi ya ukwaju.